Amplifaya ya Ukumbini Sebuleni kwa Masanja

Kijana akinijia siku hizi na habari za kuweka amplifaya ya ukumbini sebuleni kwake, swali lake la kwanza ni wati. "Mzee Gasto, hii ina wati elfu moja na mia mbili, itafaa?" Mimi namwuliza feni yake inaliaje. Ananitazama kana kwamba nimemwuliza umri wa mama mkwe wake. Lakini swali ndilo hilo. Amplifaya ya ukumbini imetengenezwa kukaa nyuma ya jukwaa, watu wanacheza, bibi harusi anaingia, nani atasikia feni? Ilete sebuleni sasa. Kwenye filamu watu wawili wananong'onezana siri, na wewe unachosikia ni mashine ya kukoboa mpunga iliyohamia chini ya TV yako.

Nimefanya kazi ya sauti hapa Ifakara zaidi ya miaka thelathini. Harusi, vipaimara, misiba, mikutano ya hadhara. Miaka ya mwisho kazi nyingi zilikuwa sinema za majumbani, kwa sababu watu wamejenga, wamenunua TV kubwa kama meza ya kulia, na ile sabufa ya dukani haiwatoshi tena. Sasa nimestaafu, na sababu nitawaambia wazi ninyi mafundi vijana, maana niliificha kwa miaka na ikawa inaharibu kazi za watu. Masikio yangu hayasikii tena sauti nyembamba. Mbu anaweza kunizunguka mpaka achoke. Ile "sss" inayotoka kwenye spika ambayo haijatulia, siisikii kabisa. Fundi wa sauti asiyesikia sauti, jamani! Niliogopa kwamba nikisema nitakosa kazi na jina, nikanyamaza. Mtaona kunyamaza huko kulinifikisha wapi.

Kwanza tuongee mambo ya kuwafaa.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Kanuti, Mpogoro wa Mahenge, mtu mfupi, maneno machache. Ndiye aliyekuwa akikodisha mziki wa harusi zama zile, na mimi nilianza kwake kwa kubeba spika. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa kwanza. Nilidhani ni ushamba wake tu. Tukaenda harusi Chita, tukashuka kwenye treni na masanduku yetu, tukafunga mziki, sherehe ikaenda vizuri. Mwisho wa shughuli mimi, kwa uchovu na kiherehere, nikazima mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, huku amplifaya bado inawaka. Ikapiga PWAA! Baba wa bwana harusi alikuwa ameegemea spika ileile, sahani ya pilau mkononi. Pilau ilimfikia mpaka shemasi.

Kanuti hakunigombeza. Aliifungua spika, akaisogeza karibu na sikio langu, akausukuma ule mdomo wake wa karatasi kwa vidole viwili. Ikakwaruza, kwaru, kwaru. "Umesikia?" akaniuliza. "Hiyo umeiua wewe." Tangu siku hiyo sijawahi kukosea mpangilio. Nyumbani ni vilevile: TV, king'amuzi, risiva inayogawa sauti kwa spika, halafu amplifaya. Kuzima, unaanza na amplifaya. Ninyi mnaochomeka vyote kwenye ekstensheni moja na kuzima kwa kidole cha mguu, spika zenu zinawalaani.

Kanuti alikuwa na kituko kingine. Kila harusi alijaza pamba masikioni, na hakusimama mbele ya spika hata mara moja. Tulimcheka, tukasema mzee anaumwa masikio. Mimi nilisimama mbele kabisa, kifua wazi, besi inanitikisa mbavu, wasichana wanatazama. Miaka thelathini ya kujionyesha, na hao wasichana sasa ni mabibi, hawakumbuki hata jina langu.

Turudi kwenye feni. Kuna mkulima mmoja wa Idete, mzee mwenye heshima zake, aliyetaka sinema lakini feni ikamuudhi. Nikapata wazo nililoliona la kipekee. Nyumba yake ilikuwa na stoo ya mpunga, ukuta mmoja na sebule. Nikatoboa tundu ukutani, nikapitisha nyaya, amplifaya ikahamia stoo. Sebuleni pakawa kimya. Mzee alifurahi, akanisifu kanisani kwa jirani zake, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikafanya vilevile kwenye nyumba tatu nyingine.

Mavuno yakaja. Stoo ikajazwa viroba mpaka juu. Sasa fikirieni, feni ni mdomo, inavuta kila kilichopo hewani, na hewa ya stoo ya mpunga ni vumbi na pumba. Siku moja mzee akanipigia simu, mpira uko katikati na mtambo umezima wenyewe. Nilipoufungua nilikuta blanketi la vumbi limefunika mabati yote ya kupozea joto, na kwenye kona panya amejenga kwa nyuzi za viroba, ana watoto watano, wana joto zuri kuliko nyumbani kwangu. Hapo nilicheka. Nikaacha kucheka nilipoona kiroba kilichoegemea upande wa matundu ya hewa. Kilikuwa kimegeuka rangi ya chai, na kilinuka kuungua. Chakula cha mwaka mzima cha familia ile kilikuwa mle ndani.  Wiki hiyohiyo nilizunguka nyumba zote tatu kwa baiskeli na kuzitoa amplifaya stoo.

Kwa hiyo ukitaka kukimbia feni, iweke korido, au kwenye kabati lisilo na mgongo. Nafasi ya kiganja kila upande. Kila mwezi chomoa umeme, pulizia pampu ya baiskeli, piga brashi laini. Na usinunue feni ndogo ya kompyuta isiyo na kelele ukadhani umepata dawa bila kujua inasukuma hewa kiasi gani. Nimeona amplifaya iliyopikwa kwa ujanja huo.

Mvumo je? Unafunga kila kitu, unawasha, spika zinasema "mmmm" hata kabla ya filamu. Mafundi wetu wengi wana dawa moja: wanakata ule waya wa ardhini kwenye plagi. Mvumo unakwisha, ni kweli. Na siku amplifaya ikipata hitilafu, umeme unakaa kwenye bati ukimsubiri mama mwenye nyumba aje na kitambaa kibichi kupangusa vumbi. Usikate. Chomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye soketi za ukuta mmoja, kisha chomoa waya wa dishi uone. Mara nyingi mvumo unapitia kwenye dishi.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana ndilo lililonivua nguo. Risiva ya nyumbani hutoa sauti dhaifu. Amplifaya ya ukumbini ilizoea kulishwa na mikisa yenye nguvu. Fundi akiona sauti ndogo anafungua vile vitufe viwili vya mbele vya kuzungusha mpaka mwisho. Sauti inakuja, lakini uchafu wote wa waya nao unakuja, "sss" isiyokoma, kama mafuta yanayokaangwa chumba cha pili. Ukumbini haisikiki. Sebuleni inachosha kichwa. Nililijua hilo vizuri, nimelifundisha wengi. Ila kinyozi hajinyoi.

Masanja ni Msukuma, alikuja bondeni huku na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, akalima mpunga Idete, Mungu akamjalia, akajenga mtaa wa Viwanja Sitini. Mkewe ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, Kulwa na Doto, na wengine watatu. Masanja alipata amplifaya mbili za baa iliyofungwa, akaja kwangu. "Mzee wangu, nataka nikikaa na watoto wangu tuangalie sinema, tusikie kama tumo ndani."

Nilifanya kazi siku mbili. Spika za pembeni, spika ya katikati kwa ajili ya maneno, besi nyuma ya kochi. Nikafungua vitufe mpaka mwisho. Nikasikiliza. Kwangu mimi sauti ilikuja imefubaa, maneno ya waigizaji hayana makali, nikapandisha trebo, yaani zile sauti nyembamba. Bado imefubaa. Nikapandisha tena. Kisha nikasimamisha filamu, nikainua kidole kama padri kwenye mimbari, nikawaambia, "Mnasikia? Kimya kabisa. Kazi ya Gasto hiyo."

Masanja na mkewe wakatazamana. "Wabeja, baba," Masanja akasema, yaani asante kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Nikawa napita pale kila baada ya wiki mbili hivi, kusalimia na kula sifa. Nikipiga hodi getini, huchukua muda kidogo kujibiwa, halafu nasikia besi inaanza kutikisa madirisha. Nikiingia nakuta familia nzima imekaa imenyooka mbele ya filamu, mtambo unanguruma. Nafurahi mpaka nasahau chai. Nilimwambia kila mtu mjini kwamba kwa Masanja mtambo hauzimwi.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kuchukua mita yangu ya kupimia umeme niliyoisahau pale. Geti lilikuwa wazi kwa sababu walikuwa wanaanika mpunga uani, maturubai yametandazwa hadi mlangoni, nami nikapita pembeni nisiukanyage. Sikupiga hodi mpaka nilipofika mlango wa sebule. Masanja na watoto walikuwa wanaangalia filamu. Sauti ilikuwa inatoka kwenye vile vispika vidogo vya TV yenyewe. Amplifaya zangu mbili zilikuwa zimezimwa, zimefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, na juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki.

Masanja akaruka wima. "Shikamoo, mzee!" Mkono wake tayari uko kwenye kitambaa, anataka kukivuta.

"Marahaba. Acha, baba. Acha tu. Zimezimwa tangu lini?"

"Aa, mzee, leo tu hii. Watoto walikuwa wana... wana usingizi."

Saa tatu asubuhi. Watoto macho makavu. Wakubwa wawili wakatazama sakafu.

Mama Kulwa akaingia kutoka uani, miguu ina vumbi la mpunga hadi magotini. Akapiga goti kunisalimu, kama wanawake wa kwao wanavyosalimu wazee, na akiwa bado palepale chini akamwambia mumewe, "Baba Kulwa, mwambie mzee ukweli." Masanja akakohoa. Basi mama akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini.

"Baba, utusamehe. Ina mlio. Sss, sss, tangu siku ile ya kwanza. Na watu wakiongea mle ndani maneno yanachoma. Doto anaumwa kichwa."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, baba? Wewe ulisema ni kimya kabisa."

Vijana, nimetukanwa na walevi wa harusi, nimerushiwa chupa, wala sikujali. Maneno ya yule mama, yenye adabu zote, yaliniingia. Miezi mingapi? Kila nikipita getini familia ya watu inakimbia kuvua kitambaa, inakaa imevumilia kero masikioni ili mzee asiaibike, halafu inanipa na chai. Na kama hawa walinivumilia, je, nyumba nyingine? Nikaona sura zao zote, wale waliotazamana nilipoinua kidole.

Uongo nilikuwa nao tayari. Siku hizo mashine za kukoboa zilikuwa zinafanya kazi mchana kutwa na umeme ulikuwa unashuka, taa zinapepesa. Ningesema ni umeme, wangekubali, tena kwa furaha. Mdomo ulifunguka kabisa kusema hivyo. Nikamtazama Mama Kulwa, bado amepiga goti.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Mimi siisikii hiyo sss. Masikio yangu yamekwisha. Yapata miaka sasa."

Hakuna aliyecheka. Masanja alisema "Pole, mzee," akavuta kiti nikae, nami sikukaa, maana ningekaa nisingeinuka. Nikamwambia mkewe akae yeye, kwenye kile kiti cha katikati ambapo sauti zote zinakutana. "Leo fundi ni wewe. Mimi ni mikono tu. Usinionee haya. Ukinidanganya kwa heshima, watoto wataendelea kuumwa vichwa."

Tukaanza. Nilirudisha trebo katikati, pale ilipotoka kiwandani. Nikazungusha vitufe vya amplifaya mpaka sifuri. Kisha nikawa navipandisha polepole, filamu imesimamishwa, chumba kimya, na yeye amefumba macho.

"Bado," akasema. "Bado. Bado... hapo, imeanza."

"Nirudi?"

"Rudi kidogo. Tena. Hapo imekufa."

Nikaweka alama kwa kalamu ya wino. Vitufe vilikuwa chini ya nusu, na mimi niliviacha mwisho. Kiasi kilichobaki tukakipata kwa kupandisha voliyumu ya risiva. Tukaja kwenye spika ya katikati. Nilikuwa nimeielekeza magotini mwao, nikaiinua kwa vipande viwili vya mbao ielekee nyusoni, na Mama Kulwa akasema sasa watu wanaongea kama watu. Mara moja aliniambia spika ya kushoto inachelewa. Nilibisha. Nikapima kwa kamba nikakuta iko mbali kwa hatua moja kuliko ya kulia, nami sikuwa nimeiwekea risiva kipimo cha umbali huo. Nimefanya kazi na wasaidizi wengi, hakuna aliyekuwa na sikio la mwanamke yule, na yeye alikuwa anawaza mpunga wake uani usije ukanyeshewa.

Kazi hiyo ilikuwa ya mwisho ninayohesabu kuwa kazi. Nyumba nyingine nilizirudia moja moja baadaye, bila kualikwa, nikawaambia ukweli, nikaomba mtu wa nyumbani aniazime masikio. Wawili walisema mtambo hauna tatizo lolote, mzee, karibu chai. Hao niliwabana mpaka wakasema. Baada ya hapo nikagawa bisibisi zangu. Ninyi mkapimwe masikio hospitali kabla hamjaanza na kila mwaka baada ya hapo, na mkifunga mtambo, msiwaulize watu kama ni mzuri. Waulizeni kibaya ni kipi, kisha mnyamaze.

Lakini siku ile kwa Masanja hatukuwa tumemaliza. Nilikuwa na filamu moja ya wanyama kwenye flashi, ambayo kwa miaka mingi nilijaribia kila mtambo niliofunga. Kuna mahali mtu anatembea kwenye majani marefu, anafika mtoni, anasimama. Anakaa pale muda mrefu bila kusema neno. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwaambia wateja, kila nyumba, "Sikilizeni kimya hicho." Nikaiweka. Yule mtu akatembea, majani yakanifikia kwa mbali, akafika mtoni, akasimama. Nikasubiri Mama Kulwa aniambie kama sss imerudi.

 Alikuwa anatabasamu, macho amefumba. Hata Doto alikuwa ametulia mdomo wazi.

"Kuna nini?" nikauliza. "Imerudi?"

"Hapana, baba. Ndege."

"Ndege gani?"

"Hapo aliposimama. Wanaimba."

Nikaitazama TV. Yule mtu bado amesimama mtoni, na mimi sikusikia chochote. Nikamwomba aniambie walivyo. Akasikiliza kwanza, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu akafumbua macho na kunitazama.

"Wadogo, baba," akasema. "Na ni wengi."